Karo Iliyofichwa Ndani ya Nyumba

Wahenga walinena kwamba asiyesafiri hudhani mamake ndiye mpishi hodari kuliko wote. Mimi nimefundisha katika shule za sekondari hapa kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda huo wote nilidhani nayajua yote yahusuyo shule. Shule kwangu ilikuwa ni ua na lango, bawabu na rungu lake, kengele, mabweni, mwalimu mkuu, na juu ya yote hayo, karo. Mzazi asipoleta karo, mtoto hurudishwa nyumbani. Ni mara ngapi nimesimama mbele ya wanafunzi asubuhi, karatasi mkononi, nikisoma majina ya wale wa kurudishwa, huku wengine wakiinamisha vichwa kabla sijafika kwao!

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 nilikwenda Marekani kumtembelea dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya mjini Chicago. Ana mtoto mmoja wa kiume, na mwaka huo kijana alikuwa ameingia shule ya sekondari. Jambo la kwanza nililomwuliza mamake, kama mwalimu na kama mjomba, lilikuwa karo.

"Kaka, hapa shule ni ya bure," akanijibu. "Tunalipa ada ndogo tu za vitabu na vifaa."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Dada yangu akacheka, akainuka, akafungua sanduku la meza na kunitolea karatasi moja. Ilikuwa ni hati ya kupanga nyumba, na kodi ya kila mwezi imeandikwa kwa tarakimu nene. Akaiweka mbele yangu.

"Karo yenyewe ni hii," akasema.

Msomaji wangu, maneno hayo nimerudi nayo mpaka nyumbani, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

BARABARA MOJA, NCHI MBILI

Dada yangu anakaa Oak Park, kitongoji cha watu wapatao 54,000 kilichopakana na Chicago upande wa magharibi. Ukitaka kufika huko kutoka katikati ya jiji, unapanda treni ya umeme ipitayo juu ya Mtaa wa Lake. Treni hiyo hukupitisha katika mitaa ya magharibi ya Chicago, ambako utaona viwanja vitupu vilivyoota majani mahali palipokuwa na nyumba, na maduka yaliyopigiliwa mbao madirishani. Kisha unafika kituo kiitwacho Austin. Hapo ndipo penye barabara ya Austin, na hiyo ndiyo mpaka. Mashariki yake ni mtaa wa Austin, ambao ni sehemu ya jiji la Chicago na wakaazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Magharibi yake ni Oak Park, yenye miti mikubwa, nyasi zilizokatwa sawasawa, na nyumba ambazo watalii hutoka mbali kuja kuzipiga picha.

Nyumba ya dada yangu ni ya kupanga, orofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, nayo iko kando ya barabara hiyo hiyo, upande wa Oak Park. Asubuhi nilisimama dirishani na kikombe changu cha chai nikaitazama Chicago ng'ambo. Nyumba za huko ni za matofali yale yale, na orofa zile zile tatu. Dada yangu aliniambia kwamba akivuka tu barabara, atapata nyumba ya vyumba kama hivyo kwa kodi iliyopungua dola 300 kila mwezi. Nikamwuliza kwa nini basi asivuke. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Nikivuka, kijana hana shule," akasema.

Hakusema kwamba ng'ambo hakuna shule kabisa. Zipo. Lakini ile aliyoitafuta kwa ajili ya mwanawe humpokea tu mtoto ambaye mzazi wake anakaa upande huu. Siku ya kumwandikisha alidaiwa hati ya nyumba na bili zenye jina lake na anwani yake. Nayo sheria ya jimbo la Illinois haina mzaha: mzazi akithibitika kutoa anwani ya uongo kwa kusudi hutozwa gharama za masomo, na anaweza hata kushtakiwa mahakamani. Kwetu sisi mtoto alichujwa kwa mtihani. Kule huchujwa kwa namba ya mlango.

SHULE YENYEWE

Jina lake ni Oak Park and River Forest High School, kwa kuwa huhudumia vitongoji hivyo viwili, Oak Park na jirani yake River Forest. Ni shule ya umma, ya kutwa, ya wavulana na wasichana pamoja, na ina madarasa manne, la tisa hadi la kumi na mbili. Wanafunzi wake ni kama 3,400. Hebu fikiri, msomaji, watoto wote hao wamo katika jengo moja la matofali lililokua mwaka baada ya mwaka, hata limemeza zaidi ya kile ambacho kwetu tungekiita mtaa mzima.

Nililizunguka Jumamosi moja nikiongozwa na mpwa wangu. Sikuona ua wa seng'enge wala bweni. Niliona uwanja wa michezo kando ya Mtaa wa Lake, na vijana wenye mavazi ya rangi ya chungwa na buluu wakikimbizana na mpira wao ule wenye umbo la yai. Jioni nyingine tulikwenda kusikiliza muziki wa wanafunzi katika ukumbi wa shule. Vinanda, zeze kubwa na ndogo, tarumbeta, ngoma, vyote vya shule! Nilizikumbuka shule nilizofundisha, ambako mwalimu wa muziki alikuwa na filimbi moja na kamusi moja, na nikajikuta natamani na kukasirika kwa wakati mmoja.

Jengo la mahali hapo lilianza kutumiwa mwaka 1907. Miaka kumi baadaye, yaani 1917, kijana mmoja alihitimu humo ambaye jina lake halitakuwa geni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Alikuwa Ernest Hemingway. Alizaliwa Oak Park mwaka 1899, na kazi yake ya kalamu aliianzia katika gazeti la shule hiyo, Trapeze, na jarida lake, Tabula. Huyu ndiye aliyekuja kwetu mwishoni mwa mwaka 1933, akaajiri mwindaji Philip Percival, aliyekuwa na shamba Machakos, wakaenda kuwinda Tanganyika. Kitabu alichokitoa mwaka 1935 juu ya safari hiyo, Green Hills of Africa, amekitilia maneno ya Kiswahili hapa na pale. Alirudi tena mwaka 1953, akapiga kambi upande wa Kajiado, na Januari 1954 akanusurika mara mbili katika ajali za ndege nchini Uganda. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Mpwa wangu aliponisimulia kwamba Hemingway alisoma pale, alisema kwa fahari, kana kwamba walikaa dawati moja. Nami nilifurahi kuona mtoto wa Mkenya akidai urithi wa mahali hapo. Lakini mwalimu hakomi kuuliza, basi nikajiuliza: je, wakati wa Hemingway, mtoto wa rangi ya mpwa wangu angeipataje nyumba ya kukaa katika mtaa huu?

MPAKA ULICHORWA NA WATU

Kwanza tuujue mpaka ulitoka wapi. Moto mkubwa ulipoteketeza Chicago mwaka 1871, watu wengi wenye uwezo walitafuta mahali pa kujenga nje ya jiji, na reli ikawapeleka Oak Park. Zamani hizo Oak Park na Austin zilikuwa chini ya baraza moja, baraza la Cicero. Mwaka 1899 kura zilipigwa, na Austin ikaunganishwa na Chicago, ingawa wakaazi wengi wa Austin wenyewe walikataa. Mwaka 1902 Oak Park ikapata serikali yake. Barabara ile niliyoitazama kutoka dirishani, basi, haikuwekwa na mto wala mlima. Iliwekwa na kura.

Sasa tutazame fedha. Shule ya sekondari ya umma nchini Marekani haikuanzishwa na serikali kuu kama zilivyo nyingi za kwetu. Iliota katika kila mji, na ikalipiwa na mji huo. Kulikuwa na wenye mali waliopinga kutozwa kodi ili kusomesha watoto wa wenzao mpaka sekondari, na kesi mashuhuri ilikuwa ya Kalamazoo, mji wa jimbo la Michigan. Mwaka 1874 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba ni halali kwa mji kutoza kodi kwa kazi hiyo. Tangu hapo shule za sekondari zilienea kote, na sehemu kubwa ya fedha zake ikatoka katika kodi ya majumba na ardhi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Nyumba yako hukadiriwa thamani. Kila mwaka unatozwa sehemu ya thamani hiyo. Fedha hugawanywa baina ya baraza, maktaba, bustani na shule, na shule ndizo hupata fungu nono. Mpangaji naye hakosi kulipa, maana mwenye nyumba huitia kodi hiyo ndani ya kodi ya mwezi. Basi penye nyumba za thamani, shule hushiba. Penye nyumba za bei ya chini, watu wanaweza kujitoza kwa kiwango kikubwa zaidi na bado shule ikalala njaa. Tena shule ikishiba, watu hupigania kuhamia hapo, na bei za nyumba hupanda zaidi. Kuku na yai, kila mmoja humzaa mwenziwe.

Wazazi wa San Antonio, Texas, walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani kulalamikia utaratibu huu, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mahakama ilisema kwamba katiba ya nchi haikukiukwa. Mwaka uliofuata, 1974, mahakama hiyo hiyo iliamua katika kesi ya Detroit kwamba vitongoji visilazimishwe kuchanganya shule zao na za jiji ili kuondoa ubaguzi, isipokuwa ithibitike kwamba vitongoji hivyo vyenyewe vilishiriki katika kosa. Ile hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi mashuleni, ambayo hata sisi Waafrika tuliishangilia, ikafika kwenye barabara kama ya Austin na kusimama. Nalo jimbo la Illinois lilibadili kanuni zake mwaka 2017 ili kuziongezea fedha shule zenye upungufu zaidi, lakini mzigo mkubwa umebaki juu ya kodi ya nyumba.

DAKTARI NA BARUTI

Nimesema karo imo ndani ya nyumba. Lakini kulikuwa na wakati ambapo hata mtu mwenye fedha za kununua nyumba hiyo alikataliwa kwa ajili ya ngozi yake.

Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani iliwadhamini wananchi wapate mikopo ya nyumba, na baada ya vita vya pili vya dunia askari waliorudi walipewa dhamana zaidi. Vitongoji vikachipuka kama uyoga baada ya mvua. Lakini wakaguzi wa mikopo walikuwa na ramani, na mitaa yenye watu weusi ilitiwa alama nyekundu, maana yake fedha zisiende huko. Hati nyingi za nyumba zilikuwa na sharti kwamba asiuziwe mtu mweusi. Ni mwaka 1948 tu Mahakama Kuu ilipoamua kwamba sharti la namna hiyo haliwezi kutekelezwa na mahakama yoyote.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1950, Dakta Percy Julian alinunua nyumba Oak Park. Huyu alikuwa mwanakemia mkubwa. Babu yake alizaliwa utumwani huko Alabama. Yeye alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1931, akavumbua jinsi ya kutengeneza dawa ya ugonjwa wa macho, na kutoka katika maharagwe ya soya akapata njia za kutengeneza dawa zilizofika kwa watu wengi ambao zamani hawakuweza kuzinunua. Mwezi wa Novemba mwaka huo, kabla familia haijahamia, watu walimwaga mafuta ndani ya nyumba na kujaribu kuichoma. Juni 1951 baruti ilitupwa kutoka katika gari ikalipuka karibu na chumba walimolala watoto wake. Dakta Julian hakuhama. Alikesha na bunduki kulinda nyumba yake, na majirani wengi, Wazungu kwa weusi, walijitokeza kumwunga mkono. Alikaa hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1975. Leo shule moja ya watoto wa Oak Park inaitwa kwa jina lake.

Nilikwenda kuitazama nyumba yake. Iko kimya chini ya miti. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akifagia majani mbele ya nyumba jirani aliinua mkono kunisalimu. Nikamwitikia, huku nikiwaza kwamba amani nayo huwa na gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayekuja kuistarehea.

WALIOAMUA KUFUNGUA MLANGO

Katika miaka ya 1960 mtaa wa Austin ulibadilika upesi sana. Madalali walipita nyumba kwa nyumba wakiwatisha Wazungu: "Weusi wanakuja, uza sasa kabla bei haijaanguka." Mzungu aliuza rahisi akakimbia, na familia ya weusi ikauziwa ghali. Mtaa baada ya mtaa, wimbi hilo lilisogea magharibi kuelekea barabara ya mpaka, na kila mtu alitazamia kwamba Oak Park itafuata.

Haikufuata, na hapa ndipo ninapowapa watu wa Oak Park haki yao. Mwezi wa Mei 1968, wiki chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, baraza lao lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Mwaka 1972 bibi mmoja aitwaye Roberta Raymond alianzisha kituo cha makazi. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wapangaji: Wazungu wahimizwe kutazama nyumba za upande wa mashariki, karibu na mpaka, na weusi wahimizwe kutazama kila upande wa kitongoji, ili pasitokee mtaa wa rangi moja. Mabango ya "Nyumba Inauzwa" yaliondolewa ili watu wasitiane hofu. Mwaka 1975 ofisi mpya za baraza zilifunguliwa upande wa mashariki, kama kusema, "Sisi hatukimbii." Mwaka 1978 mwenye nyumba aliweza hata kujiandikisha kwa bima ya kumlipa endapo thamani ya nyumba yake ingeanguka.

Wapo waliolaumu mpango huu, wakisema ni kama kumwona mtu mweusi kuwa chumvi ya kupimwa isizidi katika mchuzi. Lawama hiyo ina uzito. Lakini dada yangu, ambaye alipata nyumba yake katika kitongoji hicho, aliniambia, "Kaka, mimi naona heri kupimwa kuliko kufukuzwa." Sikuwa na la kumjibu.

MLANGO WA PILI

Laiti ningeweza kufunga makala yangu hapo! Lakini ukiingia nyumba ya watu hukuta vyumba, na vyumba navyo vina milango.

Mwaka 2018 mtengenezaji wa filamu Steve James, mkaazi wa Oak Park ambaye watoto wake walisoma katika shule hiyo, alitoa filamu ya sehemu kumi iitwayo America to Me. Alikuwa amekaa mwaka mzima wa masomo, 2015 hadi 2016, akiwafuata wanafunzi madarasani na nyumbani. Wakati huo Wazungu walikuwa kama nusu ya shule na weusi kama robo. Hata hivyo, aliyefungua mlango wa darasa la juu, lile la kuwaandaa vijana kwa vyuo vikubwa, aliona Wazungu tele. Aliyefungua lile la kawaida aliona weusi wengi. Jengo moja, kengele moja, na barabara ya Austin imepita katikati ya ukumbi.

Tusikimbilie kusema kwamba walimu wale walikuwa wabaya. Mtoto aliingia akiwa na umri wa miaka 14, akapangwa kwa alama za shule ya chini na kwa mtihani. Mzazi aliyezijua njia za shule alipiga simu mwanawe apandishwe. Mzazi aliyekuwa kazini usiku hakujua hata kwamba simu ya namna hiyo hupigwa. Aliyepangwa chini mwaka wa kwanza alisoma kidogo, na aliposoma kidogo hakuweza kupanda mwaka wa pili. Hakuna aliyemwambia ondoka. Ndipo nilipoukumbuka usemi wetu: akufukuzaye hakwambii toka.

Baada ya mabishano mengi, shule iliamua kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2022, wanafunzi wa darasa la tisa wasitengwe tena katika masomo kadhaa, kama Kiingereza, historia na sayansi. Wote wafundishwe ile mitaala ya juu pamoja. Mpwa wangu alikuwa katika kundi hilo la kwanza. Wazazi wengine waliona ni haki iliyochelewa. Wengine waliogopa kwamba wanaojua zaidi watarudishwa nyuma. Mimi nilimwuliza kijana mwenyewe anaonaje.

"Mjomba, kazi ni nyingi," akasema. "Lakini hakuna anayeniuliza kama nimepotea mlango."

Maneno hayo yalinichoma, nami nitakuambia sababu. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya huku kwetu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwagawa wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mikondo. Wenye alama za juu niliwatia A, waliofuata B, waliobaki C. Mkondo A nikaupa walimu bora, nami nikiwa mmoja wao. Kijana mmoja wa C, mdogo, mwenye sweta iliyofumwa na nyanya yake, alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, C ni ya nini?" Nikamjibu kwamba ni herufi tu. Aliacha shule alipofika kidato cha pili. Sikumwuliza kwa nini, kwa sababu nilijiambia kwamba hakuwa mwanafunzi wangu.

TURUDI NYUMBANI

Siku mbili kabla sijaondoka, dada yangu alipata barua kutoka kwa mwenye nyumba. Kodi ingepanda mwezi wa Januari. Alikaa mezani na kalamu akapiga hesabu: mshahara, chakula, nauli, fedha za kumpelekea mama. Akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara. Mpwa wangu alikuwa chumbani akifanya kazi yake ya shule, mlango wazi. Dada yangu akaikunja barua ile, akaitia sandukuni pamoja na hati ya nyumba.

"Nitaomba zamu mbili zaidi za usiku," akasema. "Ni miaka minne tu."

Ndivyo alivyoilipa karo ya shule isiyo na karo: kwa usingizi wake. Tangu wakati huo amekuwa akirudi alfajiri mwanawe akitoka, wakipeana salamu ngazini.

Basi, wasomaji wangu, sikuandika haya ili tuwacheke Wamarekani. Nasi tunayo yetu. Serikali yetu ilitangaza elimu ya msingi ya bure mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Lakini kwa miaka mingi sote tulijua ni watoto gani waliojaza shule za kitaifa: wengi walikuwa wale ambao wazazi wao waliweza kuwalipia shule za binafsi tangu chekechea. Karo yetu tuliificha katika mtihani. Mtihani ule wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu, katika shule zilizopangwa katika makundi manne. Makundi manne! Nilipolisoma jambo hilo gazetini niliikumbuka karatasi yangu ya A, B na C.

Sina dawa ya kuwapa. Nina ombi la mwalimu mstaafu tu. Tukiambiwa kwamba shule ni ya bure, au kwamba mlango u wazi kwa wote, tusitosheke na kusoma kibao cha langoni. Tuingie ndani, tutembee ukumbini, tuchungulie kila darasa na kutazama ni nani amekaa wapi. Na mtoto akituuliza herufi yake ni ya nini, tusimjibu upesi.